Mfumuko wa bei, matumizi ya serikali na barua ya kodi: nani yuko sahihi, wewe au kaka yako?

*"Mimi na kaka yangu tunabishana tangu bei zilipoanza kupanda. Yeye anasema chanzo ni kimoja tu, serikali kutumia hovyo, na kwamba mamlaka ya kodi ikiacha kuwabana wafanyabiashara bei zitashuka zenyewe. Mimi naamini kinyume: wakwepa kodi wakubwa wakikamatwa, serikali itapata fedha na mfumuko wa bei utakwisha. Nina karakana ndogo ya samani. Nimechelewa kuwasilisha ritani (taarifa za kodi) za miaka miwili, na sasa nimepokea barua kutoka mamlaka ya kodi. Kaka ananishauri nisilipe kwanza, kwa sababu pesa inashuka thamani na baadaye nitalipa kwa pesa nyepesi. Nani kati yetu yuko sahihi, na hii barua niifanyeje?"*

Ubishi wenu unaweza kusubiri, barua haiwezi. Kabla hujaendelea kusoma, tafuta ndani yake tarehe ya mwisho ya kujibu au kuweka pingamizi, uiandike mahali utakapoiona kila siku. Nitairudia barua hiyo baadaye, kwa sababu ushauri aliokupa kaka yako kuhusu kuchelewesha malipo una kiini cha kweli ndani yake, na ndiyo maana ni wa hatari.

Mnachobishania ni mambo matatu yaliyofungwa kwa kamba moja: kama matumizi ya serikali ndiyo yanayopandisha bei, kama ukusanyaji mkali wa kodi unazishusha au unazipandisha, na mfumuko wenyewe unamfanya nini mtu anayedaiwa kodi. Kila mmoja wenu ameshika kipande cha ukweli, na nyote wawili mnatarajia kitu ambacho hakitatokea.

Kitu hicho ni bei kurudi zilikokuwa. Mfumuko wa bei ni kasi. Kitu kilichouzwa 100 kikipanda kwa asilimia 10 kinafika 110. Mwaka unaofuata mfumuko ukishuka hadi asilimia 2, gazeti litaandika kwamba mfumuko umedhibitiwa, nawe utakuta kitu kile kile kinauzwa 112.20. Gazeti halijasema uongo na wewe hujakosea kulalamika. Bei za jumla kushuka kweli ni jambo la nadra, na mara nyingi huja pamoja na biashara kufungwa na watu kukosa kazi. Kwa hiyo lengo ambalo sera yoyote inaweza kulifikia ni bei kuacha kukimbia, na kipato kupata nafasi ya kuzifikia.

Sasa matumizi ya serikali. Chukua kazi yako mwenyewe. Serikali ikiagiza maelfu ya madawati wakati mafundi wengi wamekaa bila kazi na mbao zimejaa maghalani, nchi inapata madawati, mafundi wanapata ujira, na bei hazisogei sana. Ikiagiza madawati hayo hayo wakati kila fundi ana oda za miezi mitatu na mbao ni za kugombania, haitapata madawati zaidi. Itawapokonya wateja wengine mafundi kwa kuwalipa zaidi, na bei ya samani zote itapanda. Fedha zilizotumika ni zile zile. Kilichotofautiana ni nafasi iliyokuwepo katika uchumi ya kuzipokea.

Swali la pili, ambalo kaka yako hajaliuliza, ni pengo la bajeti linazibwa na nani. Serikali ikitumia zaidi ya inachokusanya, ina njia tatu. Inaweza kuongeza kodi, na hapo inachokiongeza mkononi mwa mmoja inakipunguza mkononi mwa mwingine. Inaweza kuuza hatifungani, yaani hati za kukopa, kwa watu na mabenki, nao wakaahirisha matumizi yao ili kuikopesha. Au Benki Kuu inaweza kuikopesha kwa pesa mpya ambazo hakuna aliyejinyima ili zipatikane. Njia hii ya tatu ikigeuka mazoea, bei hukimbia. Ujerumani mwaka 1923 kodi zililipia sehemu ndogo mno ya matumizi ya serikali na mashine za kuchapa noti zikaziba zilizobaki. Kufikia Novemba mwaka ule dola moja ya Marekani ilikuwa sawa na marki trilioni 4.2.

Lakini ukichukua mfano huo peke yake utapotea. Japani ina deni la serikali linalozidi mara mbili ya pato lake la mwaka, na kwa zaidi ya miongo miwili tatizo lake lilikuwa bei kukataa kupanda. Na mwaka 2022 mfumuko ulifika asilimia 9.1 Marekani mwezi Juni, kisha mwezi Oktoba ukafika asilimia 11.1 Uingereza na 10.6 katika nchi zinazotumia euro. Serikali hizo hazikutumia kwa kiwango kimoja wakati wa janga la korona. Marekani iliidhinisha dola trilioni 2.2 kwa mkupuo mmoja Machi 2020 na trilioni 1.9 nyingine Machi 2021. Ulaya ilitumia kwa uangalifu zaidi, nayo ikaungua vilevile, kwa sababu gesi na nafaka zilipaa baada ya Urusi kuivamia Ukraine, na viwanda na meli zilikuwa bado hazijarudi katika hali ya kawaida. Wachumi hadi leo wanabishana matumizi yale yalichangia kiasi gani katika mfumuko wa Marekani. Ninavyoona mimi, yalichangia sana pale na kidogo kwingine. Mtu anayesema sababu ni moja tu, kokote aliko, amechagua jibu kabla ya kutazama.

Kaka yako, basi, yuko sahihi nusu. Twende kwako.

Umeamini kwamba kuwakamata wakwepa kodi kutaumaliza mfumuko wa bei. Wazo hilo limeshafika hadi bungeni. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria ambayo jina lake lenyewe linasema ni ya kupunguza mfumuko wa bei, na ndani yake mamlaka ya kodi ilitengewa takribani dola bilioni 80 kwa miaka kumi. Ofisi ya bajeti ya bunge lao, ambayo haina chama, ilipoulizwa sheria hiyo ingeugusaje mfumuko, ilijibu kwamba kwa mwaka ule athari haingeonekana, na kwa mwaka 2023 ingeangukia mahali fulani kati ya kupunguza nukta 0.1 ya asilimia na kuongeza nukta 0.1. Yaani karibu sifuri. Ofisi hiyo hiyo ilikadiria kwamba ukaguzi ulioimarishwa ungeleta karibu dola bilioni 200 katika muongo mmoja. Fedha ni nyingi, lakini hazishushi bei.

Kwa nini? Kwanza, zinachelewa. Mkaguzi anachukua miaka kufundishwa, na kesi ya mkwepaji mkubwa mwenye mawakili inachukua miaka mingine. Pili, kodi hupunguza shinikizo la bei pale tu fedha zilizokusanywa zinapopunguza nakisi, yaani lile pengo la bajeti. Zikikusanywa asubuhi na kutumika jioni, mahitaji katika uchumi yanabaki pale pale. Tatu, na hili watu wengi hawalifikirii: tajiri akibanwa alipe alichoficha, kwa kawaida hapunguzi matumizi yake ya kila siku. Anapunguza akiba na vitega uchumi. Fedha hizo hazikuwa zikishindana nawe kununua mbao, kwa hiyo kuzichukua hakupunguzi bei ya mbao. Serikali ikizichukua na kuzitumia, mahitaji yanaweza hata kuongezeka kidogo.

Sisemi wakwepaji waachwe. Kila wanachokwepa kinalipwa na mwingine, na mara nyingi ni mwajiriwa ambaye kodi yake inakatwa kabla hajauona mshahara. Takwimu za mamlaka ya kodi ya Marekani zinaonyesha hili waziwazi. Katika mishahara, ambapo mwajiri hukata kodi na kutoa taarifa, kipato kisichotangazwa ni karibu asilimia 1 tu. Katika kipato ambacho hakuna mtu wa tatu anayekitolea taarifa, kisichotangazwa kinafika asilimia 55. Tofauti hiyo haitokani na waajiriwa kuwa watu wema kuliko wengine, inatokana na taarifa. Ndiyo maana ninapopima mpango wa serikali yoyote wa kukaza kodi, ninauliza taarifa zipi mpya zitaifikia mamlaka kuhusu wenye kipato kikubwa, kabla ya kuuliza idadi ya maofisa. Pale Marekani watu walitishwa kwa habari za maofisa wapya 87,000 watakaovamia wafanyabiashara. Idadi hiyo ilikuwa makadirio ya waajiriwa wote wa muongo mzima, wakiwemo wapokea simu, mafundi wa kompyuta na wa kuziba nafasi za wanaostaafu.

Ipo hali moja ambamo wewe unakuwa sahihi kabisa, nayo ni ile nchi ambayo hazina yake imekauka na Benki Kuu ndiyo inayolipa mishahara. Bolivia ilifika huko. Mwaka 1985 bei zake zilipanda kwa zaidi ya asilimia 8,000. Serikali mpya iliyoingia Agosti ilitoa amri nambari 21060 mwishoni mwa mwezi huo: matumizi yakakatwa, na bei ya mafuta yanayouzwa na shirika la serikali ikapandishwa sana ili hazina ianze kupata kitu. Bei zikatulia ndani ya wiki chache, na mwaka uliofuata mfumo wa kodi ukajengwa upya. Pale, kukusanya mapato ilikuwa ndiyo dawa, kwa sababu kila kilichokusanywa kilipunguza hitaji la pesa mpya. Hata hivyo wananchi waliuonja uchungu wake, wachimbaji madini wa serikali kwa maelfu wakipoteza kazi. Dawa ya aina hiyo haitolewi bure.

Na dai la kaka yako kwamba kubanwa kwa kodi kunapandisha bei? Lina ukweli, ila wa mara moja. Kodi ya mauzo ikiongezwa, au muuzaji aliyekuwa haitozi akalazimishwa kuitoza, bei inapanda ngazi moja kisha inasimama. Japani ilipandisha kodi ya matumizi kutoka asilimia 5 hadi 8 Aprili 2014. Mfumuko ukapita asilimia 3, na baada ya mwaka mmoja ukashuka tena, kwa sababu ngazi ile ilikuwa imeshapandwa. Kuiondoa kodi bila kuonyesha pengo litazibwa na nini nako kuna gharama yake. Septemba 2022 serikali ya Uingereza ilitangaza punguzo la kodi la takribani pauni bilioni 45 bila kueleza fedha zingetoka wapi. Riba za hatifungani zake ziliruka ndani ya siku chache, na Benki Kuu ikalazimika kuingilia sokoni ili mifuko ya pensheni isianguke. Wafanyabiashara wa kawaida walioahidiwa nafuu waliishia kukuta mikopo imekuwa ghali.

Lakini kuna jambo ambalo nadhani ndilo linalomuumiza kaka yako, ingawa halitaji kwa jina, na hapa namwonea huruma ya kweli. Wakati wa mfumuko, mfanyabiashara mwaminifu anaweza kutozwa kodi kwa faida ambayo haipo. Chukua kabati moja, na ujira tuuache kando. Mbao ulinunua kwa 100, kabati ukauza kwa 150. Vitabu vinaonyesha faida ya 50. Kodi ikiwa asilimia 30, unalipa 15 na kubaki na 135. Unarudi sokoni kununua mbao zile zile na kukuta zimefika 140. Umeuza, umelipa kodi kama sheria inavyotaka, na huwezi kujaza tena ghala lako. Mtu akipitia hali hiyo mara tatu mfululizo, hakuna hotuba juu ya uzalendo itakayomshawishi kwamba hakunyang'anywa.

Kuna nchi zinazopunguza dhuluma hii. Marekani, kwa mfano, inawaruhusu wafanyabiashara kuhesabu gharama kwa bei ya mzigo wa mwisho kununuliwa, ambayo iko karibu zaidi na bei ya sasa. Nchi nyingi hazina ruhusa kama hiyo. Jambo la namna hiyo hiyo huwapata waajiriwa: mshahara ukiongezwa ili kufidia bei tu, unavuka kiwango na kuangukia ngazi ya juu ya kodi, ingawa uwezo wa kununua haujaongezeka hata kidogo. Marekani imekuwa ikisogeza ngazi hizo kila mwaka kufuata bei tangu 1985. Uingereza, kwa upande wake, imezigandisha tangu 2021, na mamilioni ya watu wameingia katika ngazi mpya bila bunge kupiga kura ya kupandisha kiwango chochote. Kama kaka yako anatafuta jambo la kumdai mbunge wake, badala ya "acheni kudai kodi" aseme "sogezeni ngazi na kanuni za hesabu zifuate bei". Dai hilo lina hoja, na linajibika.

Sasa turudi kwenye barua yako, na ushauri wa kulipa kwa pesa nyepesi.

Hesabu ya kaka ni sahihi kwenye karatasi. Ukidaiwa 100 na mfumuko ukawa asilimia 50 kwa mwaka, ukilipa 100 hizo baada ya mwaka zina uwezo wa kununua wa 67 tu za leo. Wachumi Julio Olivera wa Argentina na Vito Tanzi, mzaliwa wa Italia, walieleza jambo hili: kadiri bei zinavyokimbia ndivyo walipakodi wanavyochelewesha, hazina inapokea pesa zilizokwisha kuchakaa, nakisi inapanuka, pesa mpya zinaongezwa, na bei zinakimbia zaidi. Kwa hiyo ushauri anaokupa kaka, ukifuatwa na wengi, unachochea kile kile anachokilalamikia.

Serikali nazo zimelijua hilo zamani. Hungaria, ilipokuwa na mfumuko mkali kuliko wowote uliorekodiwa, ilianzisha Januari 1946 kipimo maalumu cha pesa za kodi ambacho thamani yake ilitangazwa kila siku, ili anayechelewa asinufaike. Nyingi za leo hutumia njia rahisi zaidi: riba na adhabu. Hapo ndipo hesabu ya kaka inapovunjika, kwa sababu inaliacha deni likiwa 100 wakati mamlaka hailiachi. Tena adhabu ni mbili. Ipo ya kutolipa na ipo ya kutowasilisha ritani, na ya pili mara nyingi ndiyo kali. Marekani ya kutowasilisha ni asilimia 5 ya deni kwa kila mwezi hadi ifike 25, na ya kutolipa ni nusu asilimia kwa mwezi. Viwango vya kwenu tafuta katika sheria ya kwenu, lakini mpangilio wa namna hii ni wa kawaida. Watu wengi hawawasilishi ritani kwa sababu hawana fedha za kulipa, na kwa kufanya hivyo wanajichagulia adhabu iliyo kubwa zaidi.

Kwa hiyo ritani za miaka miwili ziandae na uziwasilishe hata kama mkononi huna kitu. Ukishawasilisha, omba mpango wa kulipa kwa awamu. Mamlaka nyingi wanao, na wanautoa kwa wepesi zaidi kwa mtu aliyekuja mwenyewe kuliko kwa aliyefuatwa. Uliza pia kama kuna punguzo la adhabu kwa anayejitokeza kwa hiari. Pengine barua yako imekwisha kufunga mlango huo kwa mwaka mmoja na kuuacha wazi kwa mwingine, na hilo linategemea maneno yake hasa. Kama barua ina makadirio ya kodi yaliyofanywa bila hesabu zako, usiyakubali na usiyapuuze. Makadirio ya namna hiyo mara nyingi huwa makubwa kuliko deni halisi, lakini tarehe ya pingamizi ikipita yanageuka kuwa deni kamili kisheria.

Hapo ndipo ninapokuomba usitegemee maandishi yangu peke yake. Mtafute mshauri wa kodi mwenye leseni, ukae naye uso kwa uso, kama muda wa pingamizi umebaki chini ya wiki mbili, kama kiasi kinachodaiwa kinazidi uwezo wa karakana kulipa ndani ya mwaka, au kama hesabu zako za miaka hiyo zina mapengo ambayo huwezi kuyaeleza. Kama barua inataja upelelezi, ulaghai au mashtaka, anza na mwanasheria, na usitoe maelezo yoyote kwa simu kabla ya kuonana naye. Akaunti yako ikiwa imezuiwa, nenda siku hiyo hiyo. Ukikosa fedha za mshauri, uliza katika ofisi ya kodi kama wana dawati la huduma kwa mlipakodi, au katika chama cha wahasibu kama kuna msaada kwa wafanyabiashara wadogo.

Beba barua yenyewe pamoja na bahasha yake, kwa sababu muhuri wa tarehe unaweza kuokoa siku kadhaa za pingamizi. Beba pia taarifa za benki za miaka yote miwili na risiti za mbao, hata zilizofifia. Risiti hizo ndizo zitakazoonyesha gharama zako halisi, na bila hizo utatozwa kodi kwa mauzo yako kana kwamba mbao ulizipata bure.